Shofo ya gesi: sikiliza imesimamia wapi

Wewe unayeanza kazi ya kutengeneza shofo Goma, mashini ya gesi inayopasha maji ya kuoga, wateja watakuita kwa maneno matatu: "Fundi, shofo haiwaki," "Fundi, inawaka halafu inazima," au "Fundi, maji hayashiki moto." Acha turnavisi mfukoni kwanza. Mashini hii inafanya kazi kwa hatua zinazofuatana, na kila hatua ina sauti yake au dalili yake. Ukijua imesimamia hatua gani, unabaki na vipande viwili au vitatu vya kukagua badala ya ishirini. Anayebadilisha kipande kabla ya kujua hatua anamlisha mteja hasara, na mara nyingi anaongeza ubovu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Hatua zenyewe ni hizi. Mtu anafungua robine ya maji ya moto. Maji yanapita ndani ya vali, yanasukuma membrani ya mpira, nayo inasukuma kijiti kinachobonyeza swichi ndogo. Swichi inaamsha kisanduku cha umeme, ambacho kwenye shofo nyingi za mtungi kinatumia betri mbili nene za volti 1.5. Kisanduku kinapiga cheche, ta-ta-ta-ta, na kufungua elektrovani, vali ya gesi inayoendeshwa kwa umeme. Hapo unasikia "tak" moja fupi. Gesi inafika kwenye kichomeo na kushika moto. Kuna elektrodi ya pili, isiyopiga cheche, ambayo kazi yake ni kuhisi moto. Ikiuhisi, kisanduku kinaendelea kushikilia gesi wazi. Isipouhisi ndani ya sekunde chache, kinafunga.

Simama mbele ya shofo, mwombe mama wa nyumba afungue robine, nawe unyamaze.

Ukisikia kimya kabisa, anza na maji. Goma maji ya bomba yanakatika, nyumba nyingi zinategemea tanki, na tanki likikaa chini membrani haipati nguvu ya kusukuma kijiti. Mita 10 za urefu zinatoa bari 1. Shofo nyingi zinadai bari 0.2 hadi 0.3 ili ziwake, maana yake mita 2 hadi 3 kutoka usawa wa maji tankini hadi kwenye shofo. Pima kutoka usawa wa maji wenyewe, si kutoka kifuniko: tanki linalowasha shofo asubuhi likiwa limejaa linaweza kukataa jioni likiwa nusu, na mteja atakuapia kwamba mashini imekufa. Kisha pima mwendo wa maji. Chukua bidon ya lita 5, fungua robine ya moto mpaka mwisho, angalia saa. Ikijaa kwa dakika 2, una lita 2.5 kwa dakika, na hapo ndipo shofo nyingi zinaanza kusitasita. Ikichukua dakika 3, usihangaike na umeme wala gesi. Dawa ni kupandisha tanki, kuweka bomba pana zaidi, au pampu ndogo.

Mwendo ukiwa mdogo na tanki liko juu vya kutosha, funga maji, fungua mahali maji baridi yanapoingia kwenye shofo. Utakuta kichujio kidogo cha waya. Baada ya maji kukatika siku mbili au tatu, yanaporudi yanakuja na mchanga na kutu, na vyote vinakwama hapo. Kisugue kwa mswaki, kioshe, kirudishe. Usikitupe, hata mteja akikuomba: bila kichujio mchanga huo unaingia kwenye vali na kutoboa membrani. Mfundishe pia kwamba maji yakirudi afungue kwanza robine ya baridi ya nje mpaka yatoke safi, ndipo aguse ya moto.

Maji yakiwa mazuri na bado kimya, pima betri kwa multimeta. Kuzipima zikiwa zimelala hakutoshi. Zipime wakati mashini inajaribu kuwaka, au bonyeza swichi kwa kidole uone. Mbili mpya zinatoa volti 3 au zaidi kidogo. Zikishuka chini ya 2.5 chini ya mzigo, badilisha zote mbili kwa pamoja. Angalia na bati za kisanduku cha betri: unyevu wa bafu unaziotesha kutu ya kijani. Zisugue kwa karatasi laini ya msasa.

Betri nzima, maji mazima, kidole kwenye swichi kinaleta cheche, lakini robine haileti: hapo ni membrani. Fungua vali ya maji, skrubu zake hulegezwa kidogo kidogo kwa mkingamo, na ushike mpira juu ya mwanga. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuua shofo nzima. Mpira uliokakamaa ubadilishe pia, hata kama haujatoboka. Kijiti kisafishe kwa kitambaa na ukipake grisi ya silikoni. Grisi ya gari inavimbisha mpira. Jambo moja la shofo mpya iliyofungwa jana na haijawahi kuwaka: angalia kama mabomba hayakupishana. Membrani inategemea tofauti ya mgandamizo kati ya pande mbili, kwa hiyo maji yakiingilia mlango wa kutokea hayatasukuma chochote. Fuata alama ya buluu na nyekundu, usifuate mazoea.

Cheche zinapiga lakini moto hauji: nenda kwenye gesi. Kama hukusikia "tak", elektrovani haifunguki. Kama uliisikia, gesi haifiki, au inafika kidogo. Mtungi mtupu usiuonee haya kuukagua. Utikise, uupime kwenye mizani, ulinganishe na uzito mtupu uliopigwa chapa shingoni. Halafu soma detanderi, kile kipande cha juu ya mtungi kinachopunguza mgandamizo wa gesi. Hapa ndipo makosa mengi ya mitungi yanapoanzia, kwa hiyo isome polepole.

Detanderi ina namba mbili. Ya kwanza ni mgandamizo: milibari 28 hadi 30 kwa butani, 37 kwa propani, nayo lazima ilingane na bati lililobandikwa ubavuni mwa shofo. Ya pili ni kiasi inachoweza kupitisha, kwa kilo kwa saa. Shofo ya lita 6 za maji kwa dakika inakula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Ya lita 10 inakaribia kilo 1.6. Detanderi ya jiko ya kilo 1 kwa saa ukiifunga kwenye shofo ya lita 10, moto utakuwa dhaifu. Ile detanderi ya kuzungusha, ya majiko makubwa ya kupikia sherehe, isifungwe kamwe kwenye shofo. Inapitisha mgandamizo mara nyingi zaidi ya unaotakiwa na kuharibu elektrovani, na moto unaruka hadi nje ya kifuniko.

Huna pesa ya manometa? Nunua mpira laini unaoonyesha ndani, mita 2, uukunje kama herufi U juu ya ubao, utie maji yenye rangi kidogo hadi nusu. Milibari 1 ni karibu sentimita 1 ya maji. Unganisha ncha moja kwenye chuchu ya kupimia iliyopo mlangoni mwa gesi, fungua mtungi: tofauti kati ya maji ya upande huu na ule ikiwa karibu sentimita 30, una milibari 30. Sasa washa shofo ukiendelea kutazama. Ikishuka sentimita 2 au 3, sawa. Ikiporomoka hadi 15, detanderi ni ndogo, mpira umekunjika, au mtungi umepoa. Chombo hicho hicho kinapima uvujaji: zima shofo, funga mtungi, subiri dakika 10. Maji yakisogea, kuna mahali panavuja, na hapo ndipo utatumia povu la sabuni kutafuta. Kiberiti hakitafuti gesi.

Mtungi kupoa unahitaji maelezo, maana mteja atadhani ameuziwa gesi mbovu. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika kinachogeuka mvuke, na kugeuka huko kunanyonya joto. Butani inaacha kuchemka ikikaribia nyuzi 0. Mtungi wa kilo 6 ukilazimishwa kulisha shofo ya lita 10, ubavu wake unatoa jasho la baridi, mgandamizo unashuka, na maji ya kuoga yanapoa katikati ya sabuni. Tumia mtungi wa kilo 12 au zaidi, au unganisha miwili. Usiulaze, usiuweke karibu na jiko la makala ili upate joto.

Shofo inayowaka kisha kuzima baada ya sekunde tano hadi kumi ina ugonjwa wake: elektrodi ya kuhisi. Mkondo inaoupima ni mdogo sana, sehemu za milioni za ampea, kwa hiyo masizi membamba au waya wa masi (ule unaoungana na bati la mashini) uliolegea unatosha kuudanganya. Isugue, hakikisha ncha yake iko ndani ya moto, kaza masi. Ikizima baada ya dakika 20 kamili, uliza kabla ya kufungua: shofo nyingi zina saa ya ndani inayozima kwa dakika 20, na robine ikifungwa na kufunguliwa tena inawaka. Hiyo si mbovu.

Ikiwaka kwa mlipuko, "bu!", gesi imejikusanya kabla ya cheche kuishika. Pima mwanya wa elektrodi ya cheche, milimita 3 hadi 5, tazama kama kauri yake haina ufa, kisha vua kichomeo. Goma vumbi jeusi la lava linaingia kila mahali, na buibui wanapenda mdomo wa bomba la gesi. Piga mswaki mkavu, puliza. Tundu la jeti, kile kipande kidogo kinachorusha gesi, usilichokonoe kwa sindano. Ukilipanua hata kidogo, umebadilisha kiasi cha gesi, na hakuna kurudi nyuma.

Ikiendelea kuwaka baada ya robine kufungwa, funga mtungi mara moja. Maji yaliyonaswa kwenye radiatori, sehemu ya shaba inayopashwa na moto, yanafika kuchemka. Kijiti kimekwama au elektrovani haifungi. Shofo hiyo haiwashwi tena mpaka ipone.

Sasa moto wenyewe. Unatakiwa kuwa wa buluu na mfupi. Wa manjano unaopaka masizi kwenye mapezi ya shaba ni dalili kwamba hewa haitoshi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, ambako viwanda vingi vinajaribia mashini zao. Kwa hiyo vumbi ambalo mahali pengine lingevumilika, hapa linatosha kugeuza moto. Hakikisha pia bati la shofo linasema butani au propani. Mteja anaweza kukuambia gesi ni gesi, maana anasikia habari za metani ya Ziwa Kivu na kituo cha KivuWatt upande wa Rwanda kinachotoa umeme tangu 2016. Metani hiyo haimo kwenye mtungi wake. Shofo yenye jeti za gesi asilia ukiifunga kwenye mtungi, itawaka moto mrefu, wa manjano, wenye sumu.

Sumu hiyo ni monoksidi ya kaboni, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika kwa urefu huu. Watu wa Goma wanajua mazuku: hewa nzito inayolala mabondeni na kuua mbuzi huku mtu aliyesimama akipumua. Gesi ya mtungi inayovuja inafanana nayo, inazama chini, kwa hiyo mtungi hauwekwi shimoni wala chumba cha chini, na tundu la kuitoa linapasuliwa usawa wa sakafu. Monoksidi ni tofauti. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, inajaza chumba kizima, haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, moyo unachefuka, miguu inalegea, na aliyeko bafuni hapati nguvu ya kufungua mlango.

Kwa hiyo shofo ya aina hii haifungwi ndani ya bafu. Ifunge nje chini ya paa, au chumba chenye hewa, na bomba la moshi lenye kipenyo kile kile cha mdomo wa shofo, lipande wima angalau nusu mita kabla ya kona ya kwanza, kisha liendelee kupanda kidogo hadi nje. Kulipeleka kwenye dari na kuliacha hapo ni kumwaga sumu juu ya vitanda. Ukimaliza, funga milango na madirisha, washa shofo dakika 10, kisha sogeza kijiti cha mti kinachofuka moshi pembeni mwa kofia ya moshi, pale juu ya shofo bomba linapoanzia. Moshi ukivutwa ndani, bomba linafanya kazi. Ukirudishwa usoni kwako, zima, fungua madirisha, tafuta kizuizi.

Kuna siku utakuta kihisi cha moshi kinazima shofo kila dakika tano, na papa wa nyumba anakuomba uunganishe nyaya zake mbili moja kwa moja ili aoge, akikuambia fundi mwingine alishamfanyia. Kataa. Kihisi hicho kinazima kwa sababu moshi unarudi ndani, na kazi yako iko kwenye bomba, si kwenye nyaya. Akisisitiza, funga mtungi, vua detanderi, mwonyeshe ule moshi wa kijiti unavyorudi chumbani, na umpigie hesabu ya mita ngapi za bomba zinazohitajika.