Mswada wa Kuzuia Ponografia Ukija, Anza na Maana ya Maneno

Mimi ni mzazi, na kazi yangu ni kuandika mtandaoni kuhusu afya ya uzazi. Ponografia siitetei. Hata hivyo, kila mswada wa kuidhibiti unapoletwa, huanza kusoma sehemu ya maana ya maneno, maana hatari hujificha hapo.

Ukikuta "chafu" au "isiyofaa" bila maelezo, pigia mstari. Hapa Kenya tulikuwa na kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoharamisha ujumbe wa matusi au wa aibu; adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Mwaka wa 2015 Geoffrey Andare alishtakiwa chini yake. Alisambaza picha za uchi? La hasha! Aliandika Facebook akimlaumu mtu kwamba anawataka wasichana kimapenzi ndipo wapate nafasi ya kusomeshwa. Sheria ya kulinda adabu ikamgeukia anayewasemea wasichana. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikibatilisha kifungu hicho, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno.

Kisha tazama nani ameshika kufuli. Marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mitandao yaliyotiwa saini Oktoba 2025 yanairuhusu kamati ya serikali kuagiza tovuti ifungwe "ikithibitishwa", pamoja na mengine, kwamba inaeneza maudhui ya ngono yanayohusu watoto. Watoto walindwe, tena kwa ukali. Lakini ithibitishwe mbele ya nani? Mimi nataka hakimu.

Swali hili linanihusu. Mtandao mmoja wa kijamii uliwahi kuondoa mchoro wangu wa kujichunguza matiti, eti ni uchi. Ulikuwa mchoro wa penseli, mishale ikionyesha vidole vinavyozunguka hadi kwapani. Nilikata rufaa, jibu halikuja. Kampuni ikikukosea hivyo, unaweza kuhamia kwingine. Serikali ikikufungia, utahamia wapi?

Kwa hiyo Bunge likiomba maoni ya umma, usiandike tu "napinga". Taja nambari ya kifungu, nukuu maneno yanayokutia shaka, uandike unayotaka yawekwe badala yake. Mimi hudai afya, elimu, sanaa na uandishi wa habari vitajwe waziwazi kuwa si makosa. Ukurasa mmoja unatosha. Uwasilishe kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa gazetini, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.