Watoto wanatapika darasani: klorini kiasi gani, na mtoto arudi lini?

SWALI

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu lenye wanafunzi 46. Jumatatu mmoja alitapika katikati ya kipindi. Wenzake wawili wakafuta kwa tambara na maji ya sabuni, tukaendelea na somo. Jumatano walitapika wanne, na wawili kati yao ni hao hao waliofuta. Kufikia Ijumaa wagonjwa ni 11, wengine wanaharisha pia, na mpishi mmoja ameanza kulalamikia tumbo. Mlangoni tumeweka kitakasa mikono na kila mtoto anapaka anapoingia. Wazazi nao wanawarudisha watoto mara tu wanapoacha kutapika, maana nyumbani hakuna wa kubaki nao. Naomba unieleze: klorini tuchanganye kwa kipimo gani, mtoto arudi baada ya muda gani, na je, tufunge shule? Darasa la jirani lina tetekuwanga. Utaratibu ni huo huo?

JIBU

Mwalimu, kabla ya klorini, mtoe huyo mpishi jikoni leo hii. Asikate mboga, asipakue, asioshe vyombo, hata kama anasema ni tumbo tu na anaweza kuvumilia. Arudi saa 48 baada ya kutapika au kuharisha kwa mara ya mwisho. Wanafunzi 11 ni tatizo la darasa moja. Mpishi mgonjwa anaweza kulifanya tatizo la shule nzima kwa mlo mmoja.

Sasa tazama tarehe ulizoandika, kwa sababu zinasema mengi. Mmoja Jumatatu, wanne Jumatano, wengine sita kufikia Ijumaa. Ugonjwa unakuja kwa mawimbi ya siku mbili mbili, na waliogusa matapishi wamo katika wimbi la kwanza. Hivyo ndivyo unavyokwenda ugonjwa unaotoka mtu kwa mtu. Chakula au maji yangekuwa ndiyo chanzo, ungeona watoto wengi wa madarasa mbalimbali wakianguka karibu wakati mmoja. Mwenendo huu unafanana sana na wa norovirusi, ambao huanza kuonyesha dalili saa 12 hadi 48 baada ya kuingia mwilini na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja hadi tatu. Maabara pekee ndiyo inayothibitisha, lakini hatua za kuzuia hazisubiri majibu ya maabara. Fungua daftari leo: jina, mahali anapokaa darasani, siku na saa dalili zilipoanza, alikula nini na wapi, anatapika au anaharisha au vyote viwili, kuna damu au hakuna. Mhudumu wa afya akifika, daftari hilo litamsaidia kuliko maelezo ya mdomo ya walimu watano.

Kitakasa mikono kimewapa utulivu msiostahili kuwa nao. Kileo kilichomo ndani yake huvunja ganda la mafuta linalofunika virusi kama vya mafua makali. Norovirusi haina ganda hilo, kwa hiyo kileo huigusa kidogo tu. Sabuni na maji yanayotiririka hufanya kazi kwa njia nyingine: huving'oa virusi kwenye ngozi na kuvipeleka na maji. Ndiyo maana kuchovya mikono ya darasa zima katika beseni moja ni kazi bure, hata maji yakiwa na povu. Kila mtoto asugue kwa sekunde 20, pamoja na kati ya vidole na chini ya kucha, kisha asuuze kwa maji yanayomwagika.

Hapo shule nyingi hukwama kwenye foleni. Watoto 46 kwa koki moja, kila mmoja nusu dakika, ni dakika 23. Hakuna mwalimu atakayesubiri hivyo kabla ya chakula, kwa hiyo watoto watalowanisha ncha za vidole na kukimbia. Koki tatu zinaishusha hadi dakika nane hivi, na hizo zinawezekana. Kipande cha sabuni kikipotea kila siku, changanya gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya lita moja na nusu, toboa kifuniko, na mpe mtu mzima kazi ya kummiminia kila mtoto. Nyakati ambazo hamwezi kuziruka ni mbili: wakitoka chooni na kabla ya kula.

Nije kwenye matapishi, maana hapa ndipo darasa lako lilipoambukizwa. Kiasi kidogo mno cha norovirusi, hata chembe zisizofika mia, kinatosha kumwangusha mtu, na mtoto akitapika kwa nguvu matone madogo huruka mbali kuliko jicho linavyoona. Kwa hiyo toa watoto wote nje kwanza, fungua madirisha, na usafi ufanywe na mtu mzima mmoja. Mwanafunzi asipewe kazi hii, si kwa adhabu wala kwa kujitolea. Huyo mtu mzima avae glavu, barakoa na aproni au hata mfuko mkubwa wa plastiki uliokatwa.

Funika matapishi kwa karatasi au vitambaa vya kutupa, yanywee, kisha yakusanye kwa kuanzia pembeni kuelekea katikati. Weka kila kitu katika mfuko, ufunge, weka ndani ya mfuko wa pili. Osha sakafu kwa maji ya sabuni. Baada ya hapo ndipo klorini inaingia, na ieneze angalau mita mbili kila upande, pamoja na miguu ya madawati, viti na sehemu ya ukuta iliyo karibu. Iache ikiwa imelowa dakika 10 kamili bila kupangusa, kisha suuza kwa maji safi, hasa palipo na chuma, kwa sababu klorini hula chuma.

Wengi hugeuza mpangilio huo: wanamimina klorini juu ya matapishi kisha wanazoa. Kuna hasara mbili. Uchafu huila klorini kabla haijafika kwenye virusi, na matapishi yana asidi ya tumbo, ambayo ikikutana na klorini kali hutoa gesi inayowasha macho na kifua. Kwa sababu hiyo hiyo usichanganye kamwe klorini na siki, dawa za asidi za kusafishia choo, wala dawa zenye amonia. Na usiipulizie kwa bomba la dawa: unayatawanya matone na kuivuta klorini mwenyewe, huku sehemu nyingi zikibaki kavu.

Kama sakafu ni ya udongo, klorini haitasaidia sana. Nyunyiza maji kidogo ili vumbi lisiruke, chota tabaka la juu kwa koleo, katupe ndani ya choo cha shimo au fukia, kisha osha koleo kwa klorini.

Vipimo sasa. Soma kwanza asilimia ya klorini kwenye chupa, kwa sababu chupa mbili zinazofanana rangi zinaweza kupishana sana. Kanuni ni moja: gawanya asilimia ya chupa kwa asilimia unayotaka, kisha toa moja. Jibu ndilo sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya klorini. Kwa mahali palipotapikwa au kuharishwa unataka asilimia 0.5. Chupa ikiwa ya asilimia 3.5: 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa 1 unapata 6. Kikombe kimoja cha klorini, vikombe sita vya maji. Chupa ya asilimia 5 inataka vikombe tisa. Klorini ya unga ya asilimia 70 ni gramu 7 kwa lita moja, yaani gramu 70 kwa ndoo ya lita 10. Pima mara moja kwa mizani, kisha tia alama kwenye kopo mtakalotumia siku zote.

Kwa vitasa, madawati, koki na milango ya vyoo, tumia asilimia 0.1, mara mbili kwa siku hadi wagonjwa wapya waishe. Kwa chupa ya asilimia 3.5 weka mililita 30, na kwa ya asilimia 5 weka mililita 20, kisha ongeza maji hadi lita moja. Hapa pia dakika 10, na meza za chakula zisuuzwe baadaye.

Mchanganyiko huo ni wa siku moja. Kesho unamwagwa na kutengenezwa mwingine, kwa maji ya baridi, katika chombo chenye kifuniko kisichopitisha mwanga, kwa maana joto na jua huimaliza nguvu klorini ikiwa imekaa tu. Chupa iliyokaa dirishani miezi kadhaa inaweza kuwa imebaki na harufu na nguvu kidogo. Dekio la chooni lisiingie darasani. Na lile tambara la Jumatatu, kama bado lipo, litupe.

Nguo za mtoto aliyetapika zisisuuzwe kwenye koki ya shule. Zifungwe katika mfuko na mzazi aambiwe wazi kilichomo. Nyumbani atoe uchafu kwanza, afue peke yake kwa sabuni na maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi, aanike juani.

Muda wa kurudi: saa 48 tangu kutapika au kuharisha kwa mwisho, si tangu ugonjwa ulipoanza. Mtoto aliyetapika mara ya mwisho Jumatano saa nne usiku, Ijumaa asubuhi ana saa 33 au 34 tu. Anarudi Jumatatu. Ninajua mzazi asiye na msaidizi ataona hesabu hiyo ni ya kikatili, na ndiyo maana ni bora mtangaze kanuni kwa wote kabla mtoto hajaugua kuliko kubishana getini. Mtoto aliyepona huendelea kutoa virusi kwenye choo kikubwa kwa wiki mbili au zaidi, kwa hiyo saa 48 haimalizi hatari, inapunguza kipindi kibaya zaidi. Kilichobaki kinazuiwa na sabuni. Kanuni hii iwahusu walimu pia, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuivunja.

Waandikie wazazi maneno machache kuhusu huduma ya nyumbani. Antibiotiki haitibu virusi, na dawa za kufunga kuhara asipewe mtoto. Anachohitaji ni maji ya chumvichumvi: pakiti moja kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo wasikadirie kwa mkono. Mtoto wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200 kila anapoharisha. Akitapika, wasubiri dakika 10 kisha waanze tena kijiko kimoja kimoja. Aendelee kula kidogo kidogo. Aende kituo cha afya bila kusubiri akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, usingizi usio wa kawaida, akitapika kila anachokunywa, au akikaa saa sita hadi nane bila kukojoa.

Kufunga shule kwa kawaida hakuhitajiki. Ukifunga siku mbili, watoto wale wale wanacheza pamoja mtaani bila sabuni, na Jumatatu unawapokea na wimbi jipya. Hali inabadilika pale ambapo hamna maji ya kutosha, vyoo vimeshindwa kuhudumiwa, au hakuna walimu wazima wa kusimamia. Toeni taarifa kituo cha afya sasa, kwa idadi mliyo nayo. Na akitokea mtoto mkubwa au mtu mzima anayeharisha majimaji mengi kama maji ya mchele hadi kuishiwa nguvu ndani ya saa chache, msisubiri saa ya kazi kuisha: hiyo ishughulikiwe kama kipindupindu hadi ithibitishwe vinginevyo, mgonjwa akinyweshwa maji ya chumvichumvi njiani.

Tetekuwanga ina hesabu yake tofauti kabisa. Mtoto huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele, na anarudi malengelenge yote yakishakauka na kuwa magamba, mara nyingi siku ya tano au baadaye kidogo. Wagonjwa wapya watatokea siku 10 hadi 21 baada ya kukutana na mgonjwa, kwa hiyo kimya cha wiki moja kisiwadanganye. Asipewe aspirini kwa homa hiyo, kwa sababu inaweza kudhuru ubongo na ini. Mwalimu mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa amwone daktari mapema baada ya kukaa na mgonjwa, hata kabla hajaona kipele kimoja.

Ila hakikisheni kwamba ni tetekuwanga kweli. Vipele bapa vinavyoanzia usoni na kushuka, pamoja na homa kali, kikohozi na macho mekundu, vinaelekea kuwa surua. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Mtoto wa surua hukaa nyumbani hadi siku nne zipite tangu vipele vitokeze, na wenzake wasiochanjwa wana saa 72 tangu walipokutana naye kupata chanjo inayoweza bado kuwakinga. Kwa hiyo kagueni kadi za chanjo siku hiyo hiyo.