Insouciant: neno la kupimwa kabla ya kutafsiriwa

Wenzangu mnaoanza kazi ya kutafsiri kutoka Kifaransa au Kiingereza, neno insouciant litawajia mapema, na ninawaomba msilifanyie haraka kama nilivyofanya mimi. Katika mwaka wangu wa kwanza nilipewa sura iliyosimulia dada wawili waliokuwa wakicheza mtoni, nami maneno enfance insouciante nikayaandika «utoto usiojali». Mhariri aliyazungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: «Watoto hawa wamemkosea nani?» Nilikaa siku mbili ndipo nikamwelewa: kwa Kiswahili, kumwambia mtu kwamba hajali ni kumlaumu.

Mzizi wa neno ungeniokoa. Souci ni jambo linalomkosesha mtu raha moyoni, na kitenzi soucier kimetokana na sollicitare cha Kilatini, yaani kutikisa au kusumbua, ambacho nacho kimeundwa kwa sollus, «-zima», na citus, «kilichosukumwa». Basi insouciant ni yule ambaye moyo wake haujatikiswa. Mapenzi anaweza kuwa nayo tele, na bidii pia. Frederick wa Pili, mfalme wa Prussia, alipoliita kasri lake la Potsdam, lililojengwa kati ya 1745 na 1747, Sanssouci, yaani «pasipo masumbuko», alikusudia mahali pa kupumzika mbali na mashughuli ya utawala, wala si makazi ya wazembe.

Nasi tunalo neno la kulingana nalo, tena zuri mno. Wasiwasi limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, ule ule unaotajwa katika Suratu An-Nas kuwa hutiwa vifuani mwa watu. Mfaransa moyo wake hutikiswa, wetu hunong'onezewa. Ndiyo maana sentensi yangu ilipona nilipoandika kwamba wasichana wale «walikua bila wasiwasi wowote». Hata hivyo msilikariri jibu hilo, kwani mwandishi akimwita insouciant waziri anayestarehe wakati watu wake wana njaa, hapo lawama imo, na «asiyejali» ndilo linalofaa. Msikilizeni msimulizi anamtazama mtu wake kwa jicho gani.

Jirani yake, nonchalant, huhitaji uangalifu zaidi. Hilo limetokana na kitenzi cha zamani chaloir, kutoka calere cha Kilatini, «kuwa na joto»: ni mtu ambaye jambo halimpashi moto, karibu na yule ambaye sisi husema amepoa. Lakini Kifaransa cha leo hulielekeza kwenye ulegevu, ilhali Kiingereza hulielekeza kwenye utulivu wa mtu asiyeonyesha kushtuka. Mkikuta mwendo wa mtu umeitwa nonchalant, ulizeni kwanza matini imeandikwa kwa lugha ipi: ya Kifaransa itawapa mtu anayejikokota, na ya Kiingereza itawapa mtu anayepita kana kwamba hakuna lililotokea.