Kuku wa mgeni ndiye tatizo, si mgebuka

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Mgeni Mbudha akifika kwako, ni kweli hali nyama wala samaki?" Wengi wanakula. Kinachowatatiza, hasa watawa wao, ni heshima yetu ya kumchinjia mgeni kuku.

Watawa wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar wanaruhusiwa nyama na samaki kwa masharti matatu: mtawa asiwe ameona mnyama akiuawa kwa ajili yake, asiwe amesikia hivyo, wala asiwe na sababu ya kushuku. Basi mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, uliyemkuta soko la Kibirizi keshakufa hana neno, na dagaa wakavu vivyo hivyo. Lakini ukimwagiza mvuvi akuletee samaki kwa sababu kesho una mtawa, umeharibu. Jogoo aliyewika asubuhi uani akionekana mchana bakulini, umeharibu zaidi, na ukijisifu kwamba "huyu tumemchinja kwa ajili yako" ndiyo umemfunga mdomo kabisa.

Devadatta, binamu yake Buddha, alitaka nyama na samaki vipigwe marufuku kwa watawa wote. Buddha alikataa, akarudia masharti yale matatu. Hata hivyo biashara ya nyama imo kati ya biashara tano ambazo muumini wa kawaida anakatazwa. Anayeona mgongano hapo ana haki ya kuuliza, maana Wabudha wenyewe wamebishana juu yake kwa karne nyingi. Watawa wa Kichina waliamua kuacha nyama kabisa, na vitunguu pia: kitunguu maji, saumu na jamii yake. Kwa hiyo uliza kwanza mgeni katoka wapi. Kwa mtawa wa Kichina, sombe (kisamvu) kwa mawese na ugali wa muhogo vinatosha, ila mpishi wetu mara nyingi hutia dagaa wa kusaga bila hata kufikiri. Mwambie mapema, na kitunguu kisikaangwe kwenye sufuria hiyo.

Katika ubishi huo wa nyama, wengine husema Buddha aliagiza watu wafuate akili zao tu. Si hivyo. Alipowajibu Wakalama, watu waliomuuliza wamwamini mwalimu gani, mantiki na makisio aliviweka pamoja na mapokeo na sifa ya mwalimu, kama mambo yasiyotosha peke yake. Kipimo alichowapa ni tendo lenyewe: linaleta madhara au manufaa, na wenye hekima wanalilaumu au wanalisifu?

Sasa saa. Mtawa anayeshika kanuni hali chochote kigumu baada ya jua kufika utosini. Hapa Kigoma saa zetu ni zile za Tanzania nzima ilhali sisi tuko magharibi kabisa, hivyo jua hufika utosini karibu saa saba, si saa sita. Wapo wanaofuata jua, wapo wanaofuata saa ya ukutani. Andaa saa tano kasoro na hutakosea kwa yeyote. Chakula usikiache mezani ajipakulie: mkabidhi mkononi. Mwanamke akimhudumia mtawa wa Thailand, aweke juu ya kitambaa ambacho mtawa ametandaza. Papai au chungwa lenye mbegu zinazoweza kuota lichomwe kwa kisu kwanza mbele yake. Ndizi haina haja hiyo. Mabaki ya alichokabidhiwa usimwekee mpaka kesho, hawezi kuyala. Jioni mpe maji, chai ya rangi, au juisi iliyochujwa mpaka isibaki nyama ya tunda.

Msomaji, Ujiji