Kisima cha Amu na Ziwa la Mpeketoni

SWALI: Asalam aleikum dada. Niko Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, maji ya kisima chetu yamekua ya chunyu hata chai haipiti kooni. Mjomba wangu yuko Mpeketoni asema Ziwa Kenyatta nalo likipata ukame linakauka mpaka viboko wafa. Haya mambo yanahusiana? Na hizi jumuiya za maji zina faida ama ni mikutano tu? – Mama wa watoto 3

JIBU: Waaleikum salam dadangu. Ziwa liko bara wewe uko kisiwani, maji yake hayakufikii. Ila ugonjwa ni mmoja. Sisi Amu tunakunywa mvua ilozama kwenye milima ya mchanga ya Shela, hapa hapa kisiwani, maji matamu ni mepesi kwa hivyo yanaelea juu ya maji ya bahari huko chini, na hesabu yake yanitisha kila nikiifikiria: kila mita 1 ya maji matamu ilo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake, sasa pampu zikishusha hio moja tu, chumvi inapanda taratibu kujaza zile 40. Ndio nikiona mtu anajenga juu ya ile milima ya mchanga ama anauchota roho yaniuma, lile ndilo tangi letu, hatuna jengine.

Ziwa Kenyatta kina chake ni kifupi. Miti ikifyekwa, shamba likifika ukingoni, udongo unaingia na jua linamalizia.

Kuhusu jumuiya, Sheria ya Maji ya 2016 inazitambua, ziko kwa ajili ya kulinda chanzo na kupatanisha watu wakigombania maji, kwa hivyo nenda, kaa mbele, uliza pampu ngapi zinavuta na masaa mangapi. Tazama Ziwa Victoria, Kenya tuna kama asilimia 6 tu ya eneo lake, mto Kagera unaleta maji kutoka Rwanda na Burundi, magugumaji yanasukumwa na upepo nchi hadi nchi, ndio ikabidi Afrika Mashariki waweke mkataba 2003 na kamisheni yake iko Kisumu. Mmoja akisafisha kwake mwengine akimwaga uchafu ni bure.

Kwako nyumbani, pampu ipumzisheni, choteni kwa ndoo kidogo kidogo kisima kipate kurudi. Na kama nyumba yenu ina birika la zamani (lile tangi la kuwekea maji ya mvua) lililofukiwa lifukueni mlisafishe kabla ya masika, maji ya paa yaingie humo, ya kunywa mchemshe.