Mwenye nyumba anajua choo kinajaa lini

Agosti 2024 nilipanga Igogo, hapa Mwanza, huku juu kwenye mawe. Dalali alinizungusha ndani ya ile nyumba dakika saba hivi. Chumba, sebule, choo cha ndani, luku ya peke yangu, na dirisha la sebuleni ukilifungua ziwa lote liko mbele yako. Dirisha ndilo lililonimaliza. Nililipa kodi ya miezi sita, dalali nikampa mwezi wake, na Jumamosi mkokoteni ukaleta vitu mpaka njia inapoishia, vijana wakavipandisha kichwani sehemu iliyobaki.

Sikuuliza kitu. Niliangalia rangi, nikaangalia ziwa.

Jumapili nikanunua umeme wa elfu ishirini. Zikaingia uniti 22 na ushee. Nikadhani mtandao umekosea, kumbe hapana. Nyumba ilikuwa imekaa tupu miezi minane, na tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye luku. Mwanzo ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Zidisha mara nane: elfu kumi na mbili zilishaondoka kabla sijawasha hata taa. Nikampigia mwenye nyumba. "Aa, hiyo ni kodi ya serikali, dada yangu, mimi sihusiki." Ni ya serikali kweli, lakini anayedaiwa ni mwenye jengo. Mpangaji yeye ameshika tu kitufe cha luku.

Hilo la luku nililimeza. Kubwa likaja na mvua za Novemba.

Anayeishi Mwanza anaijua milima yetu. Ukichimba futi chache jembe linagonga mwamba, kwa hiyo shimo la choo haliendi chini, linajengewa kwa juu kama karo. Kuna mitaa ya milimani iliyokwisha kuunganishwa na mabomba ya majitaka yanayopita juu ya mawe, na kwao hii si habari. Nyumba yangu haikuwa kati ya hizo. Wiki ya pili ya mvua choo kikaanza kurudisha. Nikaita gari la kunyonya, likasimama kule chini barabarani, dereva akautazama mlima, akanitazama mimi, akageuza. Mpira wake haufiki hata nusu ya njia.

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza dagaa, alikuwa akiangalia yote hayo kutoka kibarazani kwake. Akaniambia bila hata kupunguza sauti: "Aliyekutangulia alihamishwa na choo hicho hicho. Na aliyemtangulia yeye."

Mwenye nyumba alipopata habari alisema atatuma fundi. Fundi alikuja saa nne usiku, mvua ikiwa imepamba moto, na nondo mkononi. Akazunguka nyuma, akang'oa tofali moja lililokuwa chini kabisa ya ukuta wa shimo. Tofali lenyewe halikuwa na saruji pembeni, lilikuwa limeshindiliwa tu kwa udongo na matambara. Yaani lilijengwa litoke. Nilisimama na tochi ya simu nikaona maji meusi yakiteremka na mvua, yakaingia mferejini, yakashika njia ya ziwani. Ziwa lile lile nililolilipia dirisha. Watu wa bondeni wanajua jina la kazi ile: kutapisha.

Nilienda baraza la kata. Mjue kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2021 mabaraza ya kata yanasuluhisha tu, hayaamui. Shauri likishindikana pale linapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mzee mmoja wa baraza alinisomea Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88: hata kama mkataba haukutaja, mwenye nyumba anayepangisha makazi anachukuliwa kuwa ameahidi kwamba nyumba inafaa kwa binadamu kuishi siku mpangaji anapoingia, na kwamba itaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Nikafurahi. Kisha mwenye nyumba akaulizwa, akajibu kwa upole kabisa: "Choo alionyeshwa. Alikiona. Akalipa."

Na ni kweli nilionyeshwa. Alichonyamazia yeye ni tofali.

Binamu yangu yuko Minnesota. Nilipomsimulia alishangaa, maana kule akipanga nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, mwenye nyumba analazimika kumpa maandishi ya anachokijua kuhusu rangi yenye madini ya risasi, pamoja na kijitabu cha maelezo, kabla hajasaini. Sheria hiyo ni ya 1992. Mimi nimepanga nyumba tano hapa mjini na hakuna aliyenikabidhi karatasi ya namna hiyo. Kwa hiyo karatasi nikaanza kuitengeneza mwenyewe.

Kwanza acha kuuliza "kuna tatizo lolote?" Swali hilo jibu lake ni "hamna shida" kuanzia Buhongwa mpaka Kayenze. Uliza swali linalodai tarehe. Choo kilinyonywa lini mara ya mwisho, na gari lilisimama wapi? Luku ilinunuliwa mwezi gani? Bili ya maji ya mwisho iko wapi, naomba niione, ina jina la nani? Maji yanatoka siku zipi za wiki, na yanapanda mpaka hapa saa ngapi? (Ukijibiwa "usiku usiku", jiandae kulala na ndoo.) Mtu anaweza kudanganya kwenye "hamna shida" na roho ikatulia. Kudanganya tarehe ni kazi ngumu zaidi. Utamwona anaangalia pembeni.

Rudi peke yako jioni bila dalali. Dalali si mtu mbaya, lakini analipwa ukiingia, halipwi ukikaa. Nunua nyanya za mia tano pale jirani, salimia, sema unataka kuhamia ile nyumba ya geti la bluu. Kisha nyamaza. Habari ya yule mama wa dagaa ningeipata Agosti kwa nyanya za mia tano.

Uliza pia nyumba ni ya nani. Nyumba yangu ya pili, Nyakato, nilipangishwa na kaka mtu, wadogo zake wakaja mwezi wa tatu wakisema mirathi haijagawanywa na kodi walipwe wao. Nilibaki nje ya ugomvi ule kwa sababu tu mwenyekiti wa mtaa alikuwa amegonga mhuri mkataba wangu. Siku hizi naenda kwa mwenyekiti kabla ya kulipa, si baada, na namuuliza wazi kama nyumba ina kesi au iko rehani benki.

Wanaotafuta kando ya ziwa, chungulieni chini ya rangi. Mdogo wangu alipelekwa Luchelele kwenye nyumba nzuri, bei ya kutupa, imepakwa rangi mpya mpaka kwenye msingi. Nikapitisha kucha ukutani, usawa wa goti, rangi ikabanduka, na chini yake kulikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa rula. "Ah, hiyo ni ya 2020," akasema mwenye nyumba, "ziwa lilikuja mara moja tu." Mwaka ule ziwa lilipanda kweli, kila mtu wa pwani anakumbuka. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ile nyumba mdogo wangu aliipima kwa hatua, hakufika arobaini. Tukamuaga yule baba kwa heshima tukaondoka.

Ukishajibiwa, andika. Usingoje mkataba wa wakili. Mimi jioni ile ile namtumia mwenye nyumba ujumbe wa WhatsApp: "Shikamoo baba. Kama tulivyoongea leo, umeniambia choo kilinyonywa Machi, maji yanatoka Jumanne na Ijumaa, luku haina deni, na paa halivuji. Nimekuelewa vizuri?" Wengi hujibu "sawa mwanangu". Hiyo sawa itunze. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe kama huo kupokelewa kuwa ushahidi. Asiyejibu naye amekujibu.

Sasa niseme la upande wa pili, maana mwaka huu nimekuwa mwenye nyumba. Marehemu mama aliniachia vyumba viwili Buhongwa, na ukuta wa nyuma unapakana na mashine ya kusaga. Inaanza saa kumi na mbili asubuhi, vikombe vinatetemeka kabatini. Kijana wa kwanza alikuja Jumapili saa nane mchana, mashine imezimwa, kimya kama kanisani. Alikuwa na pesa mkononi. Naapa ulimi ulikuwa mzito. Nilijikuta namwonyesha mwembe.

Mwishowe nikamwambia arudi Jumatatu asubuhi. Alirudi, akasimama chumbani na kiganja ukutani, akausikiliza. "Mama, toa elfu kumi na tano kwenye kodi," akasema. Nikatoa elfu kumi. Kumbe anafanya kazi ya ulinzi usiku, anarudi saa mbili asubuhi, na tumeandika kwenye mkataba kuwa mashine ipo na anaijua. Wiki iliyopita amenunua godoro zito zaidi.