Mgongo Unaouma Ukilala

Miaka miwili nililala nimekaa. Kiti cha plastiki, kanga nimeikunja shingoni, kichwa nimekiegemeza ukutani, chumbani kwangu Kirumba, Mwanza. Mchana nahangaika na magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni, nasogea. Nikijilaza tu, kiuno kinawaka mpaka unyayo wa kushoto.

Nilitibiwa figo, nikatibiwa taifodi, nikaambiwa ni mizigo. Mchuaji mmoja alinikanyaga mgongo kwa kisigino, tena nikamlipa! Eksirei haikuonyesha kitu, nami nikaamini sina kitu. Kumbe eksirei ni ya mifupa zaidi. Uvimbe wa mshipa wa fahamu, kama niliokuja kukutwa nao, ni nyama laini, huonekana vizuri kwenye MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku.

Nilipopanda hospitali ya Bugando ndipo daktari akaniuliza, "Mama, maumivu yanazidi ukisimama au ukilala?" Hilo swali sikuwahi kuulizwa. Wewe usingoje kuulizwa. Usiishie kusema mgongo unauma. Sema unauma saa ngapi, umelalaje, mguu upi una ganzi. Miguu ikiisha nguvu, mkojo ukigoma kutoka, au makalio na sehemu za siri zikifa ganzi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Uvimbe wangu uliitwa shwanoma, uvimbe unaoota kwenye ala ya mshipa wa fahamu. Kwa kawaida si saratani. Ndugu waliposikia hivyo wakasema kisu cha nini sasa? Lakini ndani ya pingili za mgongo hakuna nafasi ya mgeni. Kuna uvimbe wa aina hii huachwa, ukafuatiliwa kwa vipimo. Wangu ulishaanza kuulegeza mguu.

Nililazwa kifudifudi, nusu kaputi, wakaondoa mfupa wa nyuma wa pingili, wakapasua utando unaotunza maji ya uti wa mgongo, wakaubandua uvimbe taratibu. Ulikuwa kama kokwa ya tende. Kabla hujasaini fomu, uliza: utatoka wote? Na mshipa wenyewe utapona? Ukishafanyiwa, kichwa kikipasuka kila ukiinuka, au bandeji ikilowa majimaji, sema haraka. Huenda maji ya uti yanavuja.

Jibu la kinyama, yaani kile kipande cha uvimbe kinachopimwa maabara, nalo lifuatilie mwenyewe. MRI hukisia, kinyama ndicho kinachothibitisha.

Siku hizi nalala chali, nakoroma. Ganzi imebaki vidoleni mwa kushoto, kandambili huvuka njiani bila habari, mpaka mwanangu apige kelele nyuma: "Mama, ndala!"